Kilemba cha Sultani na Mnara wa Simu

Hapo zamani, nayo si zamani ya majini bali ile ya simu za kitochi, alikuwako katika mji wa Shungi dobi mmoja aitwaye Shekue, hohehahe wa kutupwa. Binti yake wa pekee, Mwanamkasi, alikuwa ameolewa mbali huko bara, naye alikuwa mja mzito, siku zake zimekaribia. Shekue alitamani mno kuisikia sauti yake, lakini Shungi hapakuwa na mtandao. Mtu akitaka kupiga simu hupanda juu ya jalala, akainua mkono mmoja, akasimama kwa mguu mmoja, akapaza sauti "Haloo!" mpaka mbuzi wakamwitikia.

Basi baraza la mji likatoa ruhusa, mafundi wakaja wakasimamisha mnara. Siku ile ile ulipowashwa, Sultani Makame akarejea kutoka safarini, akautazama, akakunja uso. Kwani alikuwa na sheria yake: kitu chochote mjini kisizidi kimo cha kilemba chake, na mwenye kukizidisha afukuzwe. Kwa sheria hiyo minazi ilikwisha katwa vichwa, na waziri wake, aliyekuwa mrefu kama mlingoti, alitembea amekunja magoti.

"Zimeni mtambo!" akanena. "Kisha mnara huu ukatwe, ubaki kama kigoda."

Shekue alikuwapo, amekuja kuchukua nguo chafu. Akajitupa miguuni pa Sultani. "Maulana, nakusihi usiukate. Mwanangu yu karibu kujifungua, nami sina njia nyingine ya kupata habari zake."

Sultani akacheka kwa kejeli. "Vema, ewe dobi. Kabla ya sala ya Ijumaa nataka nione mnara huu uko chini ya kilemba changu, na usipunguzwe hata msumari, wala usichimbiwe shimo. Ukishindwa, unakatwa, nawe unafunga virago."

"Chini ya kilemba, maulana, au chini ya kichwa?"

"Kilemba, mpumbavu wee! Sheria haisemi kichwa. Nacho kichukue ukakifue, kinanuka pilau."

"Nimesikia, nami nimetii," akasema Shekue, akaenda zake na furushi.

Hata Ijumaa ilipofika, Sultani akaoga, akajifukiza udi, akaita kilemba chake. Hakipo. Akachungulia dirishani, na lo! kilemba kinapepea kwenye ncha ya mnara, kimeanikwa kwa vibanio vya nguo, na Shekue anashuka taratibu.

Sultani akatoka mbio, kipara wazi kinang'aa juani. "Mwizi! Kilemba changu kinafanya nini huko juu?"

"Kinakauka, maulana. Na mnara uko chini yake, kama ulivyoamuru."

Watu wakatazama juu, wakatazama kipara, wakaziba midomo yao.

"Kishushe mara moja!"

"Sithubutu. Nikikishusha, mnara utakuwa umekizidi kilemba, nami nitakuwa nimevunja sheria yako."

Sultani akamgeukia askari. Askari akatazama viatu vyake. Akamgeukia waziri. "Mimi, maulana," akasema waziri, "hata kusimama wima sijathubutu."

Ikawa mwadhini ameanza kuadhini, na Sultani, asiye na kilemba kingine, akaletewa kitambaa cha meza, chenye maua na doa la mchuzi, akajifunga kichwani, kikamwangukia machoni. Hapo akasalimu amri.

"Haya! Sheria nimeifuta! Kila kitu na kirefuke kipendavyo. Nipe kilemba changu!"

Shekue akapanda akakishusha, na mafundi wakawasha mtambo. Alikuwa bado anamfunga Sultani kilemba, mara simu ikalia mfukoni mwake. Akaiweka sikioni, machozi yakamtiririka. Kilio chembamba kikasikika mpaka nje ya simu.

"Nani huyo anayelia mbele yangu?" akauliza Sultani.

"Mjukuu wangu, maulana. Amezaliwa alfajiri ya leo."

"Mwambie Sultani anamwamuru anyamaze."

Shekue akamsogezea simu amwambie mwenyewe. Sultani akakohoa, akatoa amri kwa sauti nene, na mtoto akazidi kulia. Akairudia amri yake, na mtoto akapiga yowe la kupasua masikio. Basi Sultani akaangua kicheko mpaka akakaa chini mchangani na joho lake, akaamuru Shekue apewe punda na masurufu ya njiani, aende bara akamwone yule raia asiyesikia amri.