Tangi Lililovuta Pumzi

Isome hadi mstari wa mwisho kabla hujamtumia mwenzako, maana hadithi hii ikikatwa katikati husema uongo.

Pembezoni mwa mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu aliishi hakimu mstaafu, Anyosisye Mwaipaja. Mdogo wake, Lusajo, alikuwa fundi, na kwa miaka mingi alikuwa akijiundia ndege ndogo ya viti viwili ndani ya banda lililokuwa ghala la mpunga. Tangi la petroli alilichomelea kwa mikono yake mwenyewe, akalipachika ndani ya bawa, juu ya kichwa cha rubani, ili mafuta yashuke yenyewe hadi kwenye injini. Aliimaliza ndege hiyo, lakini hakuiona ikiruka. Maradhi ya kifua yalimchukua, akazikwa kwenye kilima kinachotazamana na uwanja wa nyasi nyuma ya banda.

Ndege ikabaki mali ya mjane wake, Subilaga. Kwa kuwa shemeji yake alijifunza urubani baada ya kustaafu, alimruhusu airushe kwa majaribio.

Safari ya kwanza ilikuwa fupi. Ndege ilizunguka uwanja, ikaelekea kilimani, na ilipofika juu ya kaburi la Lusajo injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Panga boi lilisimama wima mbele ya kioo kama kidole kinachoonya. Anyosisye aliigeuza ndege ikielea bila nguvu, akaifikisha uwanjani, akatua salama.

Aliikagua kama alivyozoea kusikiliza kesi, hatua kwa hatua, bila kurukia jambo. Alipanda ngazi, akafungua kifuniko cha tangi na kutumbukiza kijiti cha kupimia. Petroli ilikuwa tele. Chujio lilikuwa safi, na kabureta pia. Alipolegeza mpira wa mafuta, petroli ilitiririka bila kusita. Mwishowe akawasha injini hapo hapo chini, kifuniko kikiwa wazi na kijiti kikiwa ndani ya tangi ili aone mafuta yanavyopungua. Injini iliunguruma mpaka tangi likakaribia kukauka, na haikukohoa hata mara moja.

Akajaza mafuta, akaruka tena kwa njia ile ile. Juu ya kaburi, injini ikazimika.

Watu wakaanza kusema kwamba Lusajo hataki chombo chake kirushwe na mtu mwingine. Anyosisye hakuwakubalia wala hakuwakejeli. Alisema tu kwamba dai hilo halijathibitishwa. Jirani yake Kyando, mtu wa mzaha, akamwambia, "Mheshimiwa, huyo hapelekewi hati ya wito. Ukimtaka mahakamani, itabidi umfuate aliko."

Subilaga hakucheka. Alisema amekwisha kumzika mume, na hana nguvu ya kumzika shemeji. Injini ikizimika tena, ndege ataichoma moto. Ili ijulikane kwamba hatanii, alikusanya rundo la pumba kavu za mpunga kando ya uwanja.

Anyosisye alilikubali sharti hilo, kisha akapima jambo lenyewe. Ikiwa sababu ni kaburi, alijiambia, basi anayelikwepa kaburi ameikwepa sababu. Hivyo safari ya tatu alikipa kilima mgongo, akaelekea upande wa mashamba. Chini yake maji ya majaruba yaling'aa, na kilima kikazidi kuwa kidogo nyuma yake. Injini ilivuma vizuri, naye akaanza kutunga maneno atakayomwambia Kyando.

Injini ikakohoa. Ikanyamaza.

Katika ukimya ule, mtu aliyetumia maisha yake yote kudai ushahidi aligeuza shingo taratibu na kukitazama kiti cha pembeni yake. Kilikuwa kitupu. Hata hivyo alikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa kwa rubani ambaye ndege yake inashuka.

Alitua kwenye barabara ya tuta la mfereji, watu wakaja kuisukuma ndege hadi uwanjani. Waliisukuma mikono ikiwa mbali na mlango. Kyando naye hakuwa na mzaha tena.

"Kumbe hayupo kilimani," alisema kwa sauti ya chini. "Yumo humu ndani."

Subilaga alikuwa amesimama karibu na rundo la pumba, kiberiti mkononi. Anyosisye hakubishana naye. Makubaliano yalikuwa makubaliano. Aliomba tu alifungue tangi mara ya mwisho, ayatoe mafuta, moto usije ukalipuka na kuwadhuru watu. Akaishika ngazi.

"Usikifungue kile kifuniko, shemeji," Subilaga alisema. "Sitaki kumsikia tena."

"Kumsikia nani?"

"Lusajo. Kila unaposhuka na kufungua pale juu, anavuta pumzi. Wewe husikii, masikio yako yanakuwa bado yamejaa injini. Mimi ndiye ninayekushikia ngazi."

Jibu lilikuwa tayari ulimini: tangi ni bati, na bati halina mapafu. Katika mahakama yake, shahidi aliyesema marehemu anapumua asingemaliza sentensi. Lakini mtu aliyebakiwa na muda wa kuwasha njiti moja tu ya kiberiti hana anasa ya kumfukuza shahidi wake wa pekee.

"Tuweke kando kwamba ni nani," alisema. "Nieleze sauti yenyewe. Ilikuwa inatoka au inaingia?"

"Inaingia," Subilaga alijibu bila kufikiri. "Nilikuwa nimemshika alipokata roho. Ile ya mwisho ilitoka. Hii inaingia, ndefu, kama ya mtu aliyezama akaibuka."

Anyosisye alimwomba uzi mmoja wa kanga yake. Akapanda, akaulaza uzi ule kwenye ukingo wa kifuniko, kisha akakilegeza kidogo kidogo. Uzi ulitikisika. Ukanyooka. Halafu, mbele ya macho ya watu wote na pasipo upepo wowote, ukavutwa ndani. Waliokuwa karibu walirudi nyuma, na kuna waliokimbia bila kuaga.

Hakimu alibaki juu ya ngazi, kwa maana alikuwa ameelewa, na alichokielewa kilimtisha kuliko mzimu. Mafuta yakishuka, lazima hewa iingie mahali pake. Pasipo hewa yatagoma, kama maziwa katika kopo lililotobolewa tundu moja. Hewa ya tangi lile ilipitia kijibomba chembamba chini ya bawa, na kijibomba hicho hakuwa amekigusa. Alishuka, akakiingizia waya, ukakwama. Nyigu walikuwa wamekiziba kwa udongo, na udongo ulipobomoka wakaanguka kiganjani mwake buibui wadogo ambao nyigu huwapooza wawe chakula cha watoto wao, miguu imekunjwa, wakiwa hai bado lakini hawawezi kusogea.

Kila ukaguzi wake ulikuwa umeanza kwa kufungua kifuniko. Tangi likavuta hewa, ugonjwa ukapona papo hapo, naye akaanza kuutafuta. Jaribio la chini nalo alilifanya kifuniko kikiwa wazi. Na kaburi halikuwa na kosa lolote: njia ilikuwa ile ile, mafuta yakagoma baada ya muda ule ule, na mahali pakabeba lawama ya muda.

Siku iliyofuata ndege ilipita juu ya kilima, ikazunguka, ikapita tena. Injini haikukohoa.

Iliposhuka, Subilaga alitaka kukifungua kifuniko yeye mwenyewe. Anyosisye alimshikia ngazi. Subilaga akasogeza sikio, akafungua, akangoja. Akaendelea kungoja.

"Kimya," alisema.

"Basi tatizo limekwisha, shemeji."

"Limekwisha," Subilaga alijibu, akikirudisha kifuniko taratibu kama afungaye mlango wa chumba chenye mtu aliyelala. "Sasa ndiyo amekufa."

Anyosisye, aliyewahi kusoma hukumu zisizo na idadi, aliishikilia ngazi mpaka Subilaga akashuka.

Funzo: Mtu anaweza kukosea maana ya alichokisikia na bado akawa amekisikia kweli, usiutupe ushahidi wake kwa sababu ya imani yake, na kabla hujatangaza kwamba hukuona kosa, jiulize kama si mkono wako mwenyewe uliolifuta ulipokuwa ukilitafuta.