Sange na Simu ya Majaribio

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na kiu!
Kiu ya nani?
Ya mwenye digrii!

Haya, kaeni. Palikuwa na Sange, mnyama mdogo kama panya, pua ndefu kama mrija, na digrii ya kompyuta aliyoifunga kwenye nailoni isiliwe na mchwa. Miaka mitatu aliomba kazi. Miaka mitatu akajibiwa: sorry, huna experience. Na palikuwa na Kiboko, tumbo kama tangi. Shule hakuiona hata bati lake, lakini tenda zote za msitu zilikuwa zake.

Mwaka huo mvua iligoma. Likabaki bwawa moja, limezungushiwa miiba, mlango mmoja, mlinzi Kobe. Baraza la wanyama likataka app ya foleni: simu itaje jina, Kobe afungue, aliyetajwa anywe, atoke, atajwe mwingine. Kiboko akaichukua tenda, akamchukua na Sange.

"Hii internship, kijana. App ikikamilika, mkataba. Kwa sasa panga foleni kama wenzako."

"Ahsante, bosi," akasema Sange. Mwenye kiu hushukuru hata ahadi.

App haikukamilika. Kiboko atasubiri nini? Akaitundika mlangoni simu ya majaribio, bado imechomekwa waya mrefu hadi kwenye kompyuta ya Sange kichakani kando ya foleni, akakata utepe, akatangaza mradi umezinduliwa. Akapitisha na sheria: atakayebishana na simu, zamu yake imekufa. Makofi, pwa-pwa-pwa!

Sasa app ya majaribio ina tabia yake. Ukibadilisha neno kwenye kompyuta ukabonyeza, kule simuni inazimika, inawaka upya, na foleni yote inafutika. Inaanza moja. Na moja, kwa amri ya bosi, ni Kiboko.

Ting! "Kiboko apite." Kobe anafungua, kwiii. Kiboko anakunywa, gubu-gubu-gubu.

Ting! "Ngiri apite." Ting! "Nyani apite." Anayefuata ni Sange, nyuma yake Digidigi na mwanawe. Sange anainuka, ulimi mkavu kama soli ya kiatu.

Kiboko anakuja mlangoni, anapiga kelele: "We msomi! Washa upya!"

Sange anabonyeza. Ting! "Kiboko apite." Gubu-gubu-gubu.

Siku ya kwanza hivyo. Siku ya pili hivyo. Sange analamba umande, anabonyeza. Siku ya tatu mtoto wa Digidigi alikuja kwenye foleni peke yake. Mama amelala njiani, alisema, haamki. Sheria ilikuwa ya Kiboko, lakini kidole kilichobonyeza kilikuwa cha Sange, na Sange alijua.

"Bosi," akasema, "na mkataba wangu?"

"Mkataba? Muda wako wa majaribio nimeufuta. Anza moja. Hata wewe nimekuwasha upya!" Akacheka, ho-ho-ho, meno kama vigingi.

Sange akautazama ule waya mrefu. Kisha akasema kwa ule upole wa aliyekasirika mpaka hasira imemwishia:

"Bosi, mkubwa kama wewe, kila mara utoke majini uje kupiga kelele mlangoni? Ibebe simu mdomoni, waya unafika. Nikiwasha upya itakuita humo humo, na Kobe atasikia."

"Ndiyo maana nakupenda, msomi!"

Akaibana simu kwa meno, akaingia bwawani. Ting! "Kiboko apite." Akafumbua mdomo anywe. Gubu-gubu, glup! Maji na simu, vyote. Ukabaki waya unaning'inia kama sharubu moja.

Sange akatazama kompyuta. Simu bado imeunganishwa. Akafuta neno moja, akaandika mawili, akabonyeza.

Tumboni, ting! "Kiboko atoke, asirudi."

Kobe akageuza shingo polepole. "Bosi, simu imesema."

"Simu gani? Mimi ndiye mwenye simu!"

"Sauti imetoka tumboni mwako, mzee. Unabishana na tumbo lako?"

"Msomi! Washa upya!"

"Nawasha, bosi." Ting! "Kiboko atoke, asirudi."

"Washa tena!"

"Natii, bosi." Ting! "Kiboko atoke, asirudi."

Foleni nzima ikaitikia: "Atoke! Asirudi!" Kiboko akatoka kinyumenyume, akautafuna waya kwa hasira, kachu! Kobe akafunga mlango, kwiii.

"Anayefuata?"

Sange akashuka bwawani kwa mara ya kwanza. Akakuta tope, na ndani ya unyayo wa Kiboko, maji ya kujaa kiganja. Akatumbukiza pua, akanywa nusu. Nusu akamwachia mtoto wa Digidigi, bila kumtazama machoni.

Kesho yake Baraza likatangaza kazi ya Msimamizi wa Simu, experience miaka mitano. Sange akapeleka digrii yake na nailoni yake. Kazi akapewa mpwa wa Kiboko, kwa sababu simu tayari ilikuwa ndani ya familia.

Funzo, watoto wazuri: someni kwa bidii, mtiini bosi, msibonyeze msichoagizwa. Mtafika mbali kama Sange, ambaye yuko pale pale.

Ngano yangu imekaukia hapa. Aliyekunywa aende zake. Mwenye kiu arudi kwenye foleni, aanze moja.