Uso wa Somoe

Paukwa!

Pakawa!

Nanyi mnaotafuna muhogo huko nyuma, sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wakituitikia salamu, alikuwako mchonga vinyago jina lake Likanga. Mkewe alikuwa haoni tangu utotoni. Walikuwa na binti mmoja, Somoe, naye Somoe alikuwa ameposwa ng'ambo ya mto, mbali kweli.

Harusi ilipokaribia, mama akamshika mumewe mkono. "Baba Somoe, wenzangu watamkumbuka mwanangu kwa macho. Mimi namjua kwa mikono. Nifanyie uso wake, niushike akishaondoka."

"Huo tu, mke wangu? Utaupata."

Likanga akaenda kwenye kichuguu. "Hodi, Mchwa! Nipe udongo, nifinyange uso wa mwanangu."

"Chukua," akasema Mchwa. "Udongo ni wa kuongeza. Pua fupi? Bandika. Shavu dogo? Bandika. Lakini uache kivulini ukauke taratibu."

Likanga akafinyanga, akabandika, akalainisha kwa maji. Lakini harusi ilikuwa inakuja mbio, naye akautia motoni ungali mbichi. Pwaa! Ukapasuka vipande vipande.

"Baba Somoe, mwanangu yuko tayari?"

"Bado kidogo, mke wangu."

Akaenda kwenye mzinga. "Hodi, Nyuki! Nipe nta, nitengeneze uso wa mwanangu."

"Chukua, mradi asali yetu usiiguse," akasema Nyuki. "Nta ni ya kukanda. Ukikosea, ipashe moto uanze upya. Lakini isikae juani."

Likanga akakanda, akafinya, akachora nyusi kwa mwiba. Ukatoka uso mzuri! Kwa furaha akauweka uani, majirani wauone. Jua likawaka. Paji la uso likateremkia puani, pua ikateremkia mdomoni, mdomo nao ukaenda zake kidevuni. Mnacheka? Yeye hakucheka.

"Baba Somoe, mwanangu yuko tayari?"

"Bado kidogo, mke wangu."

Akaenda msituni. Kigong'ota alikuwa kazini, ko-ko-ko! "Hodi, Kigong'ota! Nionyeshe mti, nichonge uso wa mwanangu."

"Pale pana mpingo ulioanguka, chukua gogo lake. Mti ni wa kupunguza, Likanga. Ulichotoa hakirudi. Piga kidogo, tazama sana."

Likanga akachonga kwa tezo, akaingia kwa patasi. Sasa, Somoe alikuwa na paji la uso kubwa lililochomoza, sikio moja kubwa kuliko jingine, na mdomo wa kununa hata akiwa na furaha. Baba yake, kwa mapenzi tu, akajisemea: "Paji nimpunguzie. Masikio nimsawazishie. Mdomo nao utabasamu." Akamaliza, akampelekea mkewe.

Mama akapitisha vidole. Akapitisha tena. Akapitisha tena.

"Mtoto mzuri sana," akasema kwa upole. "Mrudishieni mama yake."

Likanga alikwisha kulikata paji, na mti haubandikwi. Mara nje vigelegele! Bwana harusi, Mtepa, amefika na watu wake kumchukua mke.

Mtepa akamkuta mkwewe ameketi chini, kichwa mikononi. "Shikamoo, baba. Kuna msiba?"

Likanga akamweleza yote. Mtepa akawageukia watu wake. "Tueni mizigo. Hatuondoki na binti wa watu hapa huku mama yake ana mikono mitupu."

Basi Likanga akakata kipande kingine cha gogo lile. Safari hii akamketisha Somoe mbele yake, akafumba macho, akampapasa uso.

"Baba, unanitekenya!"

"Tulia, mwanangu. Kumbe sikio lako kubwa hivi?"

"Baba!"

Akapapasa, akachonga. Akapapasa, akachonga. Kigong'ota alikuwa juu ya paa, anapiga kelele, "Kidogo! Kidogo! Kidogo!" Kazi ya tezo ilipokwisha, Mtepa mwenyewe akausugua uso ule kwa majani ya msasa mpaka ukalainika, akaupaka nta ukang'aa.

Mama akapokea. Vidole vikapanda lile paji, vikasimama kidogo sikioni, vikashuka mdomoni. Machozi yakamtoka, na kicheko papo hapo.

"Ndiye! Tena amenuna!"

Somoe akamkumbatia mama yake, wakalia wote wawili. Mtepa akatazama pembeni, eti anaangalia ndege.

Somoe akaenda kwa mumewe. Mama akabaki na uso ule mapajani, akiusimulia mambo ya kila siku: mbuzi kavunja chungu, jirani kajifungua. Masika yakapita, kiangazi kikapita. Asubuhi moja sauti ikabisha hodi uani. Ni Somoe, na mtoto mgongoni!

Mama akanyoosha mikono, akapewa mjukuu, akampapasa polepole, pua, kidevu, masikio. Kisha akapaza sauti:

"Baba Somoe! Noa tezo!"

Basi hadithi yangu nimeiachia hapo uani, wanangu, tezo ikinolewa.