Kijiko cha Waridi cha Bi Mize

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii nitaianza mimi, lakini kuimaliza mtaimaliza nyinyi.

Bi Mize wa Pangani alikuwa na wajukuu watatu, na kila mmoja alijaliwa la kwake. Mwanaidi alijaliwa macho: alikulia dukani kwa mjomba wake sonara, akasoma alama ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Kombo alijaliwa vidole: alikuwa mchonga milango, na ua la mti aliligusa tu akajua lilichongwa kwa patasi gani. Riziki, mdogo wao, alijaliwa masikio: neno likiingia humo halikutoka tena.

Ikawa harusi mtaani. Nanyi mnaijua desturi: penye shughuli majirani huazimana vyombo, na kila nyumba hufunga vyake uzi wa rangi yake visije vikapotea. Bi Mize alitoa kijiko kimoja tu, akakifunga uzi mwekundu. Kilikuwa cha marehemu mama yake, cha kumlisha bibi harusi kipande cha kwanza cha halua.

Harusi ikaisha. Wasichana walioosha vyombo walitaka kuvirudisha viking'aa, wakaona nyuzi zinazuia majivu kupita. Wakazikata zote.

Vijiko vya mtaa mzima vikamwagwa mkekani, barazani kwa Bi Mize, vikalala kama dagaa walioanikwa. Bi Mize akainama. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mng'ao tu, kama mwezi ndani ya mtungi.

"Wenyewe watakuja kuchukua vyao kabla ya magharibi," alisema. "Kikienda na mwingine, sitakiona tena. Atakayenipatia, nikifa ni chake."

"Sasa ukifa, bibi, mimi nitatamba na mke gani?" akasema Kombo.

"Nyamaza, mume wangu. Tafuta."

Mwanaidi akavigeuza vijiko kimoja kimoja, akasoma migongo. "Hivi ni chuma kitupu, vya juzi juzi," alisema, akavitenga. "Hivi vimechovywa fedha. Tena tazameni alama ya kiwanda: hapa ndege amekunja mbawa, hapa amezikunjua. Mjomba alinifunza kwamba aliyekunja ndiye wa zamani, wa enzi ya mama yake bibi." Rundo likapungua. Lakini ndege waliokunja mbawa walibaki wengi.

Kombo akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya mipini. Mmoja ulikuwa na zabibu, mwingine kombe, mwingine mistari mitupu. "Bibi, chako kilikuwa na waridi?"

"Waridi. Nikiwa mtoto nililitafuna meno yakiniota. Lilikuwa mbele na nyuma."

"Basi haya ya upande mmoja si yako." Akatenga, akatenga, vikabaki viwili, pacha: waridi mbele, waridi nyuma. Hapo vidole vyake vikakwama.

Riziki akavichukua, akaviinua kwenye mwanga wa alasiri. "Bibi, siku moja ulinisukia nywele ukaniambia mama yako alikuwa mshoto, akikwangua ukoko wa uji mpaka sufuria inalia."

"Nilisema?"

"Ulisema. Na ncha ya hiki imelika upande wa kushoto, kama kinavyolika kijiko cha mtu wa mkono wa kulia. Hiki kingine kimelika kulia: ndicho cha mshoto. Fedha imekwisha, shaba inachungulia."

Bi Mize akakipokea. Akakipeleka mdomoni kikiwa kitupu, na ulimi wake ukakuta pale palipolika. Baraza ikaenda mbali. Akasikia sufuria inalia jikoni, akasikia bangili za mama yake, na uji wa mtama ukawa mtamu bila sukari.

Aliporudi, wajukuu walikuwa wakibishana.

"Bila macho yangu mngekuwa bado mnachambua chuma," alisema Mwanaidi.

"Na bila mkono wangu mngembebesha bibi wa watu zabibu," akajibu Kombo.

"Lakini nyinyi wote mlikwama!" alisema Riziki.

"Mlikwama!" Mwanaidi akamwiga. "Kwenye rundo lile washoto walikuwa tele, mdogo wangu wewe. Ungemjua mshoto wetu ni yupi?"

Majirani wakaanza kuingia, kila mmoja na uzi mpya mkononi, wakaambiwa ahadi iliyotolewa, wakasogea wasikie. Bi Mize akakifuta kijiko kwa upindo wa kanga. Akauliza, "Nani ana uzi mwekundu?" Akapewa, akakifunga. Kisha akanyoosha mkono, kijiko juu ya kiganja, na mbele yake vikafunguka viganja vitatu. Kwa ukungu wa macho yake vyote vilifanana.

Mkono wake bado umenyooka, na jua linazama. Haya, nyinyi mliokaa kimya muda wote huu: mwongozeni Bi Mize. Kijiko akiweke katika kiganja kipi?