Mtumbwi wa Nadhiri ya Bi Siwatu

Sogeeni, tusikilizane, jambo hili linataka vichwa vingi.

Katika kijiji kimoja ukingoni mwa Rufiji walikuwapo watu watatu, kila mmoja Mungu amemjalia lake. Mwajabu, mfinyanzi, aliujua mto kwa rangi yake kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Mbonde alikuwa na mikono ya jembe. Wanaume wawili hawakumfikia. Ngwele alipiga kasia hata ungedhani mamba wanampisha.

Na alikuwapo Bi Siwatu, mjane. Mafuriko ya miaka sita nyuma yalimchukua mumewe, Mkumba. Tangu hapo mtumbwi wa marehemu ulilala nyuma ya nyumba, umefunikwa makuti, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Duniani Bi Siwatu alibakiwa na binti yake Havijawa, na mjukuu mmoja, Zamda.

Asubuhi moja, mbingu safi kabisa, Mwajabu alishuka kuchimba udongo akakuta maji mekundu yamebeba povu na magogo mabichi. Akajua mvua kubwa imenyesha bara. Aliuacha moto wa vyungu vyake bila wa kuulinda, akapiga debe nyumba hadi nyumba, mpaka mashambani.

"Mafuriko na jua hili?" walimcheka. "Mwajabu, moshi umekupanda kichwani!"

"Chekeni huku mnapanda mlimani," akajibu, na debe halikunyamaza.

Vyungu vyote vilipasuka. Lakini Havijawa, aliyekuwa akielekea kivukoni na mtoto mgongoni, alilisikia debe, akarudi; mlima ulikuwa mbali, akapanda dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga.

Saa nane maji yalizizingira nguzo, nazo zikaanza kulegea. Zamani mto ulipofurika ulikuwa na pa kupumulia, mkondo wa kale; lakini Mbonde aliuziba kwa tuta akalima humo, kwa kuwa ardhi yake ina rutuba.

"Tuta lako linatuua!" watu walimpigia kelele.

Mbonde alikimbilia tutani. Alishika jembe akalibomoa lile tuta peke yake, maji yakaingia kwenye mpunga ulioiva, chakula cha wanawe saba. Pale dunguni maji yakashuka kadiri ya dhiraa moja. Nguzo zikasimama.

Ngwele hakuwa na mtumbwi. Wake ulisombwa asubuhi. Alimkuta Bi Siwatu anafungua kamba ya mtumbwi wa marehemu.

"Ee Mola, mjukuu wangu akirudi hai, mtumbwi huu ni wa yule aliyemwokoa. Chukua, mwanangu, nenda."

Ngwele alipita kati ya magogo. Kasia likavunjika, akamalizia kwa ubao. Jua halijazama, Havijawa alikuwa nchi kavu, na Zamda kifuani mwa bibi yake.

Ijumaa, baada ya sala, mtumbwi uliwekwa mbele ya msikiti.

"Nadhiri lazima itimizwe, Bi Siwatu," alisema sheikh. "Nawe ulitaja mmoja. Mtumbwi haukatwi vipande kama tikiti."

"Mimi ndiye niliyempakia mtoto," alisema Ngwele. "Na sasa sina chombo."

"Ungempakia wapi?" Mwajabu akamkatiza. "Bila debe langu angekuwa kivukoni, chini ya maji. Leo sina hata chungu kimoja cha kuuza."

"Debe halipigi kasia, dada!"

Watu wakacheka. Mbonde aliinamisha kichwa.

"Mimi niliuziba mkondo, na mimi nikauzibua. Sijui hilo mnaliitaje. Ila wanangu wanakula mihogo ya jirani, na mtumbwi ungenipatia samaki."

"Apewe aliyetuzamisha?" mmoja akafoka.

"Wewe umekata miti yote ya ukingoni," akajibiwa na mkewe mwenyewe. "Nyamaza."

Bi Siwatu aliweka kiganja mahali Mkumba alipozoea kukaa.

"Mume wangu hakupata hata mmoja wa hawa," alisema taratibu. "Zamda amepata watatu. Nimpe yupi, nisimkosee Mungu?"

Watatu wamesimama mbele yake, na kamba ya mtumbwi iko mkononi mwake. Nanyi mliokaa hapa, semeni: kama ungekuwa wewe Bi Siwatu, kamba hiyo ungemkabidhi nani?