Jina la Kumi na Tisa

Kulikuwa na mtu mmoja huko Njombe, washarika, tumwite Ezron Mgaya. Alikuwa mtu mwema. Hanywi, hagombani na mtu, anaipenda familia yake. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao nadhani hata humu ndani tunao, maana nikihubiri huwa naona nyuso za watu zikimulikwa kutoka mapajani. Habari zote zilipita kwake. Ng'ombe amezaa pacha Australia, Ezron anajua. Timu fulani imefukuza kocha, Ezron alishawaambia watu kabla kocha mwenyewe hajaambiwa. Alikuwa kwenye magrupu kumi na moja ya simu, na kila kilichoingia alikituma kwingine. Kusoma hadi mwisho hakuwa na muda.

Mama yake alikuwa kikongwe, macho yameingia ukungu, haoni zaidi ya kivuli. Waliishi boma moja, nyumba mbili. Ezron hakumsahau, tusimwonee. Alimnunulia simu, na jirani, Mama Ndelwa, alikuwa akija kila siku kumsomea yale yaliyotumwa na mwanawe. Bibi alikuwa akisikiliza ametulia, kisha anasema, "Mwanangu ndiye aliyesema, basi ni kweli."

Siku moja Ezron alikuwa anarudi nyumbani kutoka Dodoma kwa basi la alfajiri. Waliposimama kunywa chai, akaona lori limelala ubavu, nyanya zimetapakaa barabarani. Akaenda kupiga picha, na basi likamwacha. Hakuumia sana rohoni, alikuwa na picha nzuri. Akapanda basi lililofuata.

Mbele huko, lile la kwanza likaacha njia likaingia kwenye shamba la mahindi. Hakufa mtu. Lakini kuna mtu aliyepata karatasi ya majina ya abiria, akaiandika upya, na juu yake akaweka maneno matatu: orodha ya marehemu. Ikamfikia Ezron akiwa kitini. Akasoma majina matano ya juu, akasikitika kweli kweli, akaandika "Poleni wafiwa", akaituma magrupu yote kumi na moja, na kwa mama yake. Muda mfupi baadaye simu ikazima kwa kuisha chaji, akalala.

Jina la kumi na tisa lilikuwa la kwake.

Alishuka saa tisa alasiri. Mnaijua Njombe wakati wa baridi, ukungu unashuka mchana kweupe hadi huoni nyumba ya pili. Akamwita dereva wa bodaboda aliyemzoea. Yule kijana akamtazama, akawasha pikipiki, akaondoka. Ezron akatembea. Akamkuta mama mmoja anaanua mahindi, akamsalimia, "Kamwene." Yule mama akaweka ungo chini taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango. Akasikia komeo likisukumwa. Akajipapasa uso kama una uchafu. Ungefanya nini wewe? Kijiji ni chako, watu ni wako, na hakuna anayekuitikia.

Alipokaribia kwake akasikia wimbo wa maziko. Turubai limefungwa uani. Juu ya meza ndogo kuna picha yake ya siku ya harusi, na ua pembeni. Kando ya kaburi la baba yake, wanaume wawili walikuwa wanapima ardhi kwa kamba. Wimbo ukakatika, si kwa pamoja, sauti moja moja.

Shemeji yake alikuwa amesimama karibu. Ezron akamuuliza kwa sauti ndogo nani amekufa.

"Wewe," akasema shemeji.

"Nani kasema?"

Shemeji hakusogea. Alimwonyesha simu kwa mbali. "Wewe."

Mkewe ndiye aliyethubutu kwanza. Akaja, akamshika kifuani, akausikia moyo, akaketi chini pale pale akalia. Watu wakaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, turubai likafunguliwa, dereva wa bodaboda akaja kuomba radhi. Hadithi ingeishia hapo ningefurahi.

Ezron akaingia kwa mama yake. Bibi alikuwa mkekani, amejifunga kanga kiunoni kama mfiwa. Akapiga magoti, akasema, "Mama, ni mimi. Niko hai. Ilikuwa makosa."

Bibi akasikiliza. Akasema, "Asante kwa kuja kunifariji, baba. Lakini mwanangu mwenyewe ametuma neno. Hajawahi kunidanganya."

Ezron akalia. Akamwita kwa majina yote aliyokuwa akimwita utotoni. Akakaa naye hadi chai ikapoa, ameushika mkono wake. Mwisho bibi akaupapasa ule mkono, akautoa taratibu kwenye wa kwake.

"Wewe si yeye," akasema. "Yeye hakai."

Walimleta mchungaji, wakamleta daktari. Bibi aliishi miezi minane mingine. Ezron alimlisha kwa mkono wake, alimwogesha, alilala mlangoni pake. Na kila asubuhi bibi alimwitikia kwa adabu zote, "Karibu, mgeni."

Washarika, sisi tunasemaje? Tutasema aliyeandika ile orodha ndiye mwongo, sisi tulituma tu? Juzi tu humu, kwa simu zetu, tulimwoza binti wa watu kwa mwanaume asiyemjua, tukamwachisha kazi mwalimu ambaye bado anafundisha. Hatukukusudia ubaya, tulikuwa na haraka. Lakini mbele ya Mungu neno lililotoka mkononi mwangu ni langu, hata kama sikulisoma.

Na hili la pili linanitisha zaidi. Yupo mtu nyumbani kwako anayepata habari zako zote, lakini wewe mwenyewe hakupati. Nenda leo ukakae naye. Kaa hadi aijue sauti yako, angali anaweza kuijua.

Tusimame, tuombe.