Nanaa ya Bibi Hunaida na Uzio wa Miiba

Wamesimulia waliotutangulia, na ajuaye yote ni Mwenyezi Mungu, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Yemen paliishi mja mwema aliyeitwa Mundhir, msusi wa vikapu. Alikuwa mcha Mungu wa kweli, si wa kujionyesha, lakini katika jambo moja alipita kiasi hata jirani zake wakawa wanamtania. Aliogopa kugusa mali ya mtu kuliko wengine tunavyoogopa nyoka. Siku moja alirudi sokoni jua likiwa la utosi, kupanda na kushuka, ili arudishe punje za dengu zilizonasa katika upindo wa kanzu yake. Muuza dengu alizipokea kwa adabu, akamsubiri aende zake, kisha akazirushia kuku.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa mjane, Bibi Hunaida. Ubavuni mwa nyumba yake, pale alipokuwa akitawadhia, alipanda tuta la nanaa ili maji ya udhu yasipotee bure. Kila asubuhi, umande ukishakauka, alikata vichwa vya juu kwa kisu kidogo na kuacha vifundo vya chini vichipue tena. Majani mengine aliyafunga vitita akayatundika kivulini, kwa kuwa jua huinyang'anya nanaa harufu yake. Aliyesokotwa na tumbo, mwenye kichefuchefu, aliyekosa hamu ya chakula, wote walibisha mlango huo na kupewa. Naye aliwaelekeza kwa maneno yale yale: mimina maji yaliyochemka juu ya majani, kisha funika.

"Usipofunika," alikuwa akisema, "dawa itaondoka na mvuke, nawe utabaki kunywa maji ya moto."

Mwaka mmoja Mwenyezi Mungu akamjaalia safari ya Hija. Asubuhi ya kuondoka, msafara ukiwa umekwisha simama na ngamia wanalalama, alikuja mbio mlangoni kwa Mundhir. "Ndugu yangu," akasema, "nanaa yangu naiweka katika amana yako." Mundhir akaweka mkono kifuani na kuitikia kwamba ataikuta, inshallah. Alitaka kuuliza neno zaidi, lakini mama wa watu alikuwa tayari amegeuka kuwahi wenzake.

Sasa hebu mwone mtu aliyerudisha dengu akiwa na amana ya kitu kinachoota. Siku ile ile alikwenda bondeni akakata matawi ya miiba, akalizungushia tuta uzio usiopitisha hata kuku. Swala zote alitawadhia pale. Mvua za mwaka ule zilikuwa haba na nanaa za nyumba nyingine zikakauka, lakini ya Bibi Hunaida ilistawi, ikapanda hadi magotini, ikatoa maua ya zambarau hafifu. Mundhir aliitazama akafurahi moyoni. Alijua kwamba ataikabidhi ikiwa kubwa kuliko alivyoipokea.

Mkewe, Lubaba, hakufurahi. "Bwana," alimwambia, "mwenyewe alikuwa akiikata kila asubuhi. Nanaa isipokatwa inazeeka."

"Yeye ni mwenyewe," Mundhir akajibu. "Mimi ni mlinzi tu."

Watu wakaja kubisha kama walivyozoea, na Mundhir akawarudisha mmoja mmoja kwa upole mwingi. Kisha siku moja akaja Safwana, mwanamke mtu mzima wa mtaa wa chini. Mke wa mwanawe, aliyeitwa Ruaina, alikuwa na mimba changa.

"Kila akilacho kinarudi," Safwana akasema. "Tangu juzi hata maji hayakai. Nimekuja kuomba nanaa kidogo, ndugu yangu, kama alivyokuwa akitupa Bibi Hunaida."

Mundhir alibadilika uso. "Mama Safwana, chochote kilichomo nyumbani mwangu ni chako. Lakini ile ni amana ya mtu, na mwenyewe hakuniambia niitoe."

Akaingia ndani, akatoka na mtungi wa asali, asali pekee aliyokuwa nayo, akampa. Safwana aliupokea kwa mikono miwili na kushukuru. Hakubishana naye, kwa sababu aliamini kuwa mtu mwema kama yule hawezi kukosea katika mambo ya haki. Alipokwisha ondoka, Lubaba akasema, "Hunaida angekuwepo angempa." Mundhir akasema Hunaida hayupo, akarudi kwenye vikapu vyake, na siku hiyo akasuka vibaya.

Hazikupita siku nyingi Safwana akarudi, mtungi mkononi, asali imepungua kidogo sana.

"Hawezi kuimeza," alisema. "Nimeona nikurudishie sasa hivi, kabla hatujashughulika na mambo mengine."

"Mambo gani, mama?"

Safwana aliuweka mtungi kizingitini akaondoka, na Mundhir akaelewa kwamba mwanamke yule alikuwa akiwaza sanda. Alisimama pale mlangoni. Maisha yake yote alikuwa akiukimbia moto, na sasa akaona kwamba huenda alikuwa akiukimbilia.

Akasema, "Ee Mola wangu, nitaikata. Nitamweleza mwenyewe, naye atanihukumu apendavyo." Akachukua kisu, akang'oa miiba kwa mikono mitupu hata ikamchana, akaingia tutani. Hapo ndipo alipoona kile ambacho kwa mbali hakuwa akikiona. Vishina vimekuwa vigumu kama kuni. Chini ya majani mapana pameenea madoa ya rangi ya kutu, na jani alilolisugua kidoleni lilinuka nyasi tu. Nanaa ile nzuri iliyofika magotini haikufaa kuwa dawa ya mtu yeyote.

Mundhir aliketi chini akalia waziwazi, hakujali nani anamwona. Lubaba akaja, wala hakumkumbusha alichomwambia. Aliinama akapanua vishina vikuukuu, akapekua karibu na udongo, mahali mizizi inapotambaa. "Njoo tutafute huku," alisema. "Mzizi haujafa." Wakatafuta pamoja, wakapata machipukizi machache safi, mafupi, yenye harufu kali. Miiba ya uzio ndiyo waliyowashia moto wa kuchemshia maji. Wakafunika, wakasubiri, wakaenda hadi mtaa wa chini na chombo kimefungwa kwa kitambaa.

Ruaina alikuwa amelala, midomo imepasuka. Safwana alimnywesha kwa kijiko, akingoja baina ya kijiko na kijiko, na wote wakimtazama kooni. Yale maji yalikaa. Mpaka alasiri yalikuwa bado yamekaa, na jua lilipokaribia kuzama akaomba uji mwepesi. Kila asubuhi iliyofuata Mundhir alikwenda tutani kutafuta machipukizi kwa ajili yake.

Kisha ikaja habari kwamba mahujaji wameonekana wakipanda mlima. Kwa wakati ule Mundhir alikuwa amekata vishina vyote vyenye kutu na kuvichoma, na tuta lilikuwa upara, na vijani vidogo hapa na pale. Jirani mmoja alimwonea huruma, kwa maana mji mzima ulimjua kwa uaminifu, na jina kama hilo haliokotwi njiani. "Sema mbuzi waliingia," alimshauri. "Nani atabisha? Mbuzi ni mbuzi." Mundhir alimshukuru, akaenda kusimama mlangoni kwa Bibi Hunaida, na kabla bibi hajatua mzigo wake akamweleza yote, tangu uzio hadi mtungi wa asali.

Bibi Hunaida alisikiliza bila kulitazama tuta. Mundhir alipomaliza, bibi akauliza, "Ruaina yu hali gani?"

"Anakula, alhamdulillahi."

"Na wengine waliokuja kubisha?"

Lubaba, aliyekuja nyuma ya mumewe, ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, "Walirudi mikono mitupu."

Bibi Hunaida akaketi kizingitini na machozi yakamtoka. "Kule nilikokuwa," akasema, "tuta halikunijia akilini hata mara moja. Nilikuwa nikiuona mlango. Nilimwomba Mola wangu, nimesimama mbele ya Nyumba yake, asinikatie ujira wa mlango huu kwa kuwa sipo. Nikajiambia, yupo Mundhir, mlango uko wazi. Ulinilindia majani, ndugu yangu. Mimi nilikuachia kazi ya kutoa."

Mundhir akasema, "Nisamehe, bibi yangu."

"Nimekusamehe. Nawe unisamehe, maana niliondoka mbio nikasema neno moja mahali palipohitaji mawili." Kisha akainuka na vumbi lake la safari, akaingiza vidole udongoni, akang'oa kipande cha mzizi chenye chipukizi na kumwekea Mundhir katika kiganja chake chenye makovu ya miiba. "Hii si amana. Hii ni yako. Kwa hii hutamwomba mtu ruhusa."

Mundhir aliipanda upande wa nje wa ukuta wake, njiani, ambako kila apitaye angeweza kuifikia. Mtoto wa Ruaina alipoanza kutembea alikuwa akichuma majani pale na kuyatafuna huku akikunja uso, na Mundhir akiacha kikapu chake kumtazama. Mpaka alipofariki hakuizungushia kitu.

Ndugu zangu, wengi wetu tunahofia kuulizwa kesho juu ya tulichochukua, na hofu hiyo ni njema. Mundhir alijifunza kuhofia pia kuulizwa juu ya alichokizuia. Mwenyezi Mungu amrehemu, yeye na Bibi Hunaida, na atuonyeshe miiba yetu kabla wenye shida hawajachoka kubisha.